Bisibisi Kati ya Meno

Usiniambie giaboksi imekufa.
Niambie ilianza lini kulia
na ulikuwa umebeba nini.

Lugoye anakuna kisogo. Ameisukuma
kutoka Mwaloni mpaka hapa Mabatini,
shati limemgandia mgongoni,
magamba ya sangara yamekauka kwenye vidole vyake
kama sarafu za nchi isiyokuwepo.
Fundi wa kule kamwambia: laki moja na themanini, tupasue injini.
Tupasue!
Neno hilo huwahi mdomoni
kwa mtu aliyechoka kusikiliza.

Mimi sikio la kushoto liliondoka na surua.
La kulia ni nusu sikio. Ndiyo maana bisibisi
naiuma mpini,
ncha naiegesha juu ya kifuniko cha gia,
injini inaniingia kwa njia ya taya.
Meno yangu yanasikiliza meno.

Washa. Bana klachi. Achia.
Bana. Achia tena, taratibu, hatugombani.
Beringi mbovu hunguruma
hata kama huendi popote.
Hii imetulia, paka juu ya gunia la mchele.

Zima. Stendi kubwa. Weka nyutro.
Nazungusha tairi la nyuma kwa mkono mmoja,
kidole cha mkono wa pili kiko chini ya cheni:
inalegea, inalegea, inalegea,
inakaza.
Inalegea, inalegea,
inakaza.
Hapo hapo. Pingili mbili zimeoana na kutu,
hazitaki tena kukunja goti.

Ni yale maji, Lugoye. Barafu ya samaki
inayeyuka kwenye tenga, inachuruzika,
tone kwa tone, alfajiri baada ya alfajiri,
na wewe mbele unapiga mluzi.

Nafungua kifuniko cha spoketi ndogo.
Tope, grisi nyeusi, magamba, uzi wa katani.
Nafuta kwa kitambaa. Tazama
meno yalivyolala upande mmoja,
yamechongoka kama kucha za mwewe.
Kumbe kinachoruka si gia.
Cheni inapanda juu ya jino, inateleza, inadondoka,
ule mshtuko unaupata kwenye unyayo
unadhani umetoka tumboni mwa injini.

Anacheka. Anataka kunikumbatia na mafuta yangu yote.

Subiri.
Namwaga oili, naichuja kwenye kanga ya zamani.
Inapita nyeusi, inapita, inapita,
halafu kinabaki kitu kimoja kinachong'aa,
kidogo, kama ukucha wa mtoto mchanga.

Ningeweza kukunja kanga.

"Gia ya pili," namwambia. "Imemeguka jino.
Si leo. Labda si mwaka huu."
Hajibu. Anahesabu kwa vidole, namwona,
anarudia kidole gumba.
"Zimebaki siku ishirini na tatu za mkataba," anasema.
"Halafu kadi inakuwa yangu."

Ndivyo mikataba ilivyo:
unakabidhiwa chombo
siku kinapoanza kukudai.

Basi nunua cheni na spoketi zake mbili, pamoja.
Cheni mpya juu ya meno makuukuu ni deni jipya.
Iache icheze upana wa vidole viwili, usiikaze kama ngoma.
Oili kila wiki mbili, na tenga lako
litandikie mpira chini, hata wa ndala.
Ukiwa na mzigo, usiitwishe gia ya pili hasira zako.

Saa kumi tunaijaribu kilima cha Bugando.
Nimekaa nyuma, bisibisi mfukoni,
upepo siusikii, nasikia kwa nyayo tu.
Ya kwanza. Mlima unatusukuma kifuani.
Lugoye anagusa gia kwa ncha ya kandambili,
nami nauma meno, mpini sina.

Imeshika.

"Imepona!" anapiga kelele upande wa sikio bovu,
nayasoma maneno kwenye shavu lake.
Hapana, Lugoye.
Sema imeshika.